Hedifoni Tatu na Sauti Moja

Tulipoachana nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka la vyombo vya muziki, viatu vimelowa chapa, naambiwa kazi nimepata. Mlionitumia pongezi, asanteni. Ila mngengoja kidogo.

Kwa anayenikuta leo, nasema kwa ufupi, maana kujieleza kumenichosha. Mimi ni fundi mitambo wa redio. Yaani nilikuwa. Mwenye redio alinunua maikrofoni mpya za bei mbaya, akaniita mbele ya wageni wake nizisifie. Nikasema zinasikika kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Ndivyo zilivyosikika! Kasoro ninazo tele, lakini nilichosikia kwa masikio yangu sijawahi kukisema vingine.

Mwezi uleule mume wangu akaondoka. Alitoka asubuhi kwenda kwa dada yake, mji wa pili, kumsaidia kupaka rangi nyumba, na hakurudi. Simu ikawa inaita tu. Baada ya siku kadhaa akaja huyo dada yake, wifi yangu, akasimama getini, hataki kuingia.

"Kaka yuko salama," akasema. "Amesema usimtafute."

"Ana mwanamke?"

Akatazama chini.

Nikamtimua kwa ufagio mpaka barabarani, majirani wakishangilia kama wako uwanjani. Nilipomfuata kwake, mara ya kwanza alinifungia mlango, mara ya pili nikakuta amehama. Nusu mwaka sasa. Mume sina, redio sina, na wifi akitajwa mbele yangu natema mate.

Basi, hapo ndipo tulipo.

Mwenye duka tunamwita Bwana Bei. Hana ubaya, ila akiona mteja anaona kwanza mfuko. Aliniajiri kwa ajili ya chumba kimoja tu, chumba cha kusikilizia: zulia nene, mapazia mazito, sponji ukutani, kimya mpaka unasikia tumbo lako mwenyewe. Humo mnauzwa hedifoni za umeme tuli.

Msinicheke. Hata mimi mara ya kwanza nilidhani ni mbwembwe za matajiri. Hedifoni ya kawaida ina kispika kidogo kinachosukumwa na sumaku. Hizi hazina. Zina utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umetiwa umeme, umening'inizwa kati ya sahani mbili zenye matundu. Utando hauna uzito, kwa hiyo pumzi ikipita kwenye muziki, nao unapita. Zinataka ampu yake maalumu, yaani kikuza sauti. Ukizichomeka kwenye simu hazitasema neno.

Tunazo za aina tatu, na mimi nimezipa majina.

Ya bei ya chini ni Bibi. Chini, lakini bado unaweza kununua pikipiki. Ana sauti tamu, anasamehe kila kitu, ila ngoma kwake inalia kama kopo. Ya kati ni Shangazi. Huyu anampa kila mtu kiti chake: mwimbaji hapa, gitaa kule, besi inatua chini inapostahili. Ya juu kabisa ni Jaji. Jaji hasamehi. Mwimbaji akimeza mate, Jaji anakuletea mate.

Mtu akiniuliza thamani iko wapi, jibu langu ni lilelile. Ukitoka kwa Bibi kwenda kwa Shangazi, unakisikia ulichokilipia. Ukitoka kwa Shangazi kwenda kwa Jaji, unalipa mara mbili kwa tone la mwisho, tone ambalo watu wengi hawatalihitaji maisha yao yote.

Bwana Bei hapendi jibu hilo.

Siku moja jioni jioni, miguu imevimba, nikiombea saa ya kufunga, akaingia mama mmoja mtu mzima. Miwani kwenye mnyororo, mkoba wa kitambaa, raba zilizolika kisigino. Bwana Bei akazitazama zile raba, akaniachia mteja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa hapa kuna hedifoni zinazosikia kila kitu."

"Zipo. Wewe husikiliza nini? Muziki wa aina gani?"

"Mimi nafundisha watu kusema."

"Watoto?"

"Watu wazima. Waliopigwa na kiharusi. Akili ipo, sauti ipo, maneno hayatoki." Akaketi, akapumua. "Lakini Mungu ana maajabu yake. Mtu hawezi kusema 'maji', ila ukimfundisha kuimba 'maji', anaimba. Basi tunaimba. Halafu narudi nyumbani na rekoda yangu, nasikiliza silabi ipi imekuja, ipi imepotea. Hizi hedifoni nilizonazo zinanificha. Kuna shirika limekubali kuninunulia jozi moja, hata kama ni ya ghali."

Neno shirika lilipofika kaunta, Bwana Bei alikuja mbio na soda.

"Mkaribishe mama chumbani," akaniambia. Kisha sikioni: "Jaji. Unanisikia? Jaji."

Nikamwingiza yule mwalimu chumbani. Nikapanga zote tatu mezani, ampu katikati, kisha nikazisawazisha sauti kwa kipimo. Hii ndiyo kazi yenyewe, na wengi huiruka. Sikio ni jinga: likisikia kitu kimezidi kwa nywele moja, linadhani ndicho kizuri. Ukitaka kulinganisha kwa haki, zote ziwe sawa, na kipande cha kusikiliza kiwe kilekile.

"Kipande ninacho," akasema, akatoa rekoda ndogo. "Nina mgonjwa mmoja ananinyima usingizi. Tukimaliza zoezi, nikishamwambia asante, anageukia ukutani, anaimba kitu chake mwenyewe, chini chini. Kila wiki kilekile. Kwao wanasema ni kelele tu za ugonjwa. Mimi nahisi ni sentensi."

"Niwekee nisikie, nikusaidie."

"Hapana, mwanangu. Ya mgonjwa ni siri. Nitavaa mwenyewe."

Nikamheshimu kwa hilo. Nikamvika Bibi, nikachomeka rekoda yake kwenye ampu, ndipo nikakumbuka.

"Mama, hizi ziko wazi mgongoni. Zinavuja. Nitasikia."

"ETI?"

"Zinavuja!"

"SIKUSIKII MWANANGU, IMESHAANZA!"

Aliyevaa hedifoni hupiga kelele bila kujijua. Nikaguna, nikakaa kwenye kiti changu, mkono kwenye kitasa cha sauti, macho kwenye saa ya ukutani.

Ikavuja. Kwanza sauti ya mwalimu mwenyewe, nyembamba, ikiimba kwa noti mbili, ya chini na ya juu: na-taka ma-ji. Halafu kimya. Halafu kikohozi. Kidogo, mara mbili, kikohozi cha mtu anayegonga mlango wa ofisi ya mkubwa.

Nikakiachia kitasa cha sauti.

Kikohozi kile nimelala nacho kitanda kimoja miaka kumi na minne. Mume wangu haanzi kuzungumza, hata kuuliza chumvi iko wapi, bila kugonga mlango namna ile.

Kisha akaimba. "Na... taka... ma... ji."

Ndugu zangu, mume wangu haimbi. Siku ya harusi yetu kwaya nzima iliimba, yeye alichezesha midomo tu, akaninong'oneza kwamba Mungu alimnyima sauti. Nikamwamini. Sasa namsikia anaimba, sauti nzito, nzuri, imepasuka kidogo pembeni, na anamwimbia mwalimu mwenye raba zilizolika. Wivu ulinishika kabla ya huzuni. Nasema kweli, wivu ndio uliotangulia.

Mwalimu akavua Bibi. "Mtamu sana huyu! Kama mtu amekaa mbele yangu. Ila mwisho wa maneno anayeyuka. Ile ya ukutani sijaipata kabisa."

Nilitaka kumshika mabega. Nilitaka kusema, mama, huyo ni mume wangu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

Nikayameza. Huyu mama ni mtu wa siri. Nikimwambia mimi ni mke, atazima rekoda papo hapo, ataomba ushahidi, atapiga simu kwao, na wanaomficha watahama tena. Nami ile ya ukutani sitaisikia.

"Tumjaribu Shangazi," nikasema. "Kipande kilekile, mama. Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo?"

"Ndiyo kanuni."

Kanuni ilikuwa upande wangu, Mungu aibariki.

Shangazi anavuja kuliko Bibi. Nikavuta kiti karibu, nikajifanya natazama kebo. Na-taka ma-ji. Na-taka ku-lala. Mkono wa kulia una-uma. Kila sentensi alianza na kikohozi chake, akapanda ile noti kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Nusu mwaka nimemlaani mtu huyu. Nimemwazia yuko ufukweni na msichana wa kucha ndefu. Kumbe hajui hata kuomba maji ila kwa wimbo. Waliosema ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota kurudi zizini hawakumjua mume wangu. Kavunjika malishoni, kabaki zizi la dada yake.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Bwana Bei akaingia kwa ncha za vidole, akatabasamu kwa mwalimu aliyekuwa amefumba macho, akapeleka mkono kwenye kitasa cha Jaji akakizungusha kidogo juu. Ndiyo hila yake: ya ghali ipige kwa nguvu zaidi, mteja aseme ndiyo nzuri.

Nikakirudisha.

Akakipandisha. Nikamfinya.

"Una nini leo?" akanong'ona. "Mbona macho mekundu?"

"Vumbi la sponji."

"Akitoka bila Jaji, tutazungumza." Akaondoka akipuliza mkono wake.

Mwalimu akavua Shangazi. "Huyu ni mwenyewe," akasema. "Silabi zote nimezihesabu. Ile ya ukutani naisikia ipo, najua ina maneno kama matatu. Lakini iko mbali, na kiti changu kinakwaruza juu yake."

"Mama." Nikajitahidi kuliuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa. "Huyo mgonjwa ana familia?"

"Analelewa na dada yake. Mwanamke wa shoka, usimwone hivi hivi. Anamwogesha, anamlisha, mchana anashona nguo za watu. Ndiye aliyenileta leo kwa gari la kuazima, kaenda kununua nyuzi."

"Mke je?"

"Hana. Nilimuuliza dada mtu siku ya kwanza kabisa. Akaniambia kaka hana mke."

Chumba kile hakina mwangwi, lakini neno lile nililisikia mara nyingi.

Hana mke. Wifi alinifuta kama chaki! Ufagio ule nilimpiga kidogo mno. Hasira ilinipanda mpaka nikaona mwanga, na ndani ya hasira kulikuwa na furaha mbaya, kwamba sasa ninamjua adui yangu na anakuja mwenyewe, na nyuzi zake mkononi.

"Tumwite Jaji," nikasema.

Mwalimu akasikiliza. Akakunja uso. Akaomba nirudishe nyuma, nikarudisha. Akaomba tena. Safari hii hakuna kilichonifikia. Alikuwa ameikumbatia Jaji kwa viganja vyote viwili, na sentensi yenyewe ni ndogo.

Akavua, akazitazama zile hedifoni kama mtu aliyeshindwa na mtihani.

"Ipo," akasema. "Ipo wazi kabisa, inaning'inia hapa. Ila masikio yangu ni ya umri wangu. Herufi za juu sizipati tena." Akafuta miwani. "Mwenye duka amesema wewe sikio lako halidanganyi. Kweli?"

"Ndilo lililonifukuzisha kazi."

"Basi leo navunja kanuni yangu. Kipande cha mwisho tu. Nisaidie nimsaidie."

Nilipozivaa, Jaji akanipa kwanza vidole vyangu mwenyewe, vikisugua ngozi ya pembeni. Kisha chumba. Chumba nisichokijua, saa inagonga, mtu anakata kitambaa kwa mkasi chumba cha pili. Mwalimu anasema asante, tumemaliza kwa leo. Kiti kinakwaruza. Na chini ya kiti, nyuma ya kiti, mwili unageuka kwenye shuka.

Kikohozi, mara mbili.

Alitumia wimbo wa maji. Hana mwingine, ndio aliofundishwa. Ya chini, ya juu, ya chini, ya juu.

"M... ke... wa... ngu."

Pumzi.

"A... si... ni... o... ne... hi... vi."

Mke wangu asinione hivi.

Lile tone la mwisho. Nililokuwa nawaambia wateja hawalihitaji.

Kumbukumbu zilikuja zenyewe. Mwanamume huyu akipata mafua hulala sebuleni nisimwone kamasi. Alipong'olewa jino la mbele alizungumza wiki nzima na kiganja mdomoni. Nami nilikuwa namcheka, nikimwita bwana harusi. Usimtafute. Ilikuwa kauli yake, hata kama aliitoa kwa kutikisa kichwa tu. Hana mke. Na hiyo pia ilikuwa yake, imebebwa na dada yake aliyekubali kupigwa ufagio mbele ya majirani, akatazama chini, akanyamaza.

Na sikujua kama nimpende kwa hilo au nimpige.

"Umesikia?" akauliza mwalimu.

"Nimesikia."

"Nilijua! Nilijua si kelele!" Akapiga makofi kama mtoto. Na hapo mlango ukafunguliwa nyuma yake, akageuka. "Afadhali umekuja! Karibu, karibu uingie. Huyu ndiye dada wa yule mgonjwa niliyekwambia."

Wifi alikuwa amekonda. Kitambaa cha kichwa kimepauka, mkononi ana mfuko wa nyuzi, mkono mwingine bado umeshika kitasa cha mlango. Aliniona. Kisha akaiona rekoda mezani, na Jaji kichwani mwangu, akaelewa yote kwa mara moja. Yeye ni mshonaji, hujua nguo imepasukia wapi kabla hujamwonyesha.

Sikumsogelea. Kebo ya hedifoni ilikuwa imenifunga kwenye ampu.

"Dada, kaa," mwalimu akamwambia, bado anacheka. "Miezi yote hii unaniambia kaka anapiga kelele tu. Kumbe ni sentensi, na huyu fundi ameipata yote. Haya mwanangu, tuambie. Nikiijua sentensi, kesho naanza nayo. Mtu akisikilizwa hupona haraka. Anasema nini?"

Wifi akanitazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, mwalimu asione. Midomo yake ilisema bila sauti: tafadhali.

Nikisema, mwalimu atajua mke yupo, na kesho asubuhi nitakuwa kwenye kile chumba chenye saa, namtazama mume wangu akiwa hivyo alivyoomba nisimwone. Nikisema ni kelele tu, nitakuwa nimesema uongo juu ya nilichosikia, mara ya kwanza tangu nizaliwe, na ataendelea kuuimbia ukuta.

"Usiogope," mwalimu akasema, sasa kwa upole, maana alishaanza kuona machozi yangu. "Hata kama ni tusi. Wengi huanza na tusi. Anasema nini?"

Nikavua Jaji, nikaiweka juu ya meza. Wifi akauachia mfuko, nyuzi zikabingirika kwenye zulia, akapiga magoti palepale mlangoni.

Nikafungua mdomo.